Je, Harufu ya Asumini ni Sadaka?



Hadithi ya kupanda tunaijua sote: Mwislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Wameipokea Bukhari na Muslim. Lakini asumini haina tunda la kula. Mwenzetu mmoja aliuliza: badala ya asumini mbele ya msikiti, si bora mpapai? Swali lake si la mzaha. Wapo miongoni mwetu wanaolala na njaa.

Mimi naona jibu limo katika kitunguu. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu ajitenge na msikiti. Hapo hakuna aliyepigwa wala kuibiwa. Ni harufu tu. Ikiwa harufu inayokera ni udhia wa kuzuiwa, basi inayoburudisha ni ihsani, hata kama haishibishi. Tena katika Sahihi Muslim tumeagizwa tusiikatae rihani tunapopewa, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na inanukia vizuri. (Hii si fatwa, masheikh wapo.)

Pingamizi lenye uzito zaidi, kwangu, ni maji. Asumini haipukutishi majani, na kiu yake haina likizo. Hapa kwetu Bujumbura, katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, kumwagilia maua kwa maji ya bomba huku majirani wamepanga foleni ya ndoo ni dhuluma, si sadaka. Lakini maji ya udhu hayana sabuni, nayo kila siku yanaishia mtaroni. Mfereji mfupi hadi shinani unatosha, mradi udongo usigeuke tope, maana mizizi yake huoza.

Gharama nyingine ni ndogo. Kata kijiti chenye vifundo vitatu, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye udongo wa kichanga kivulini. Kikishika, kihamishie juani. Maua yakiisha punguza matawi, kwa kuwa huchanua kwenye machipukizi mapya. Na mpapai upandwe pia, nafasi ipo.

Maua hufunguka jioni, na upepo huipeleka harufu ng'ambo ya ukuta, kwa mlinzi wa usiku na kwa jirani asiye Mwislamu. Hadithi imesema mtu, haikusema wa dini gani.

Na watakaochuma bila kuomba? Katika mapokezi ya Jabir kwa Muslim, hata kilichoibwa mtini ni sadaka kwa aliyepanda. Mwizi hakutajiwa malipo.