Noti Tatu Juu ya Meza

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, mjini Muscat, saa nane mchana, joto la kumfanya mtu asikie harufu ya lami hadi ndani ya nyumba. Dada mmoja wa Laela, nyumbani kabisa Rukwa, alikuja kututembelea. Alikuwa akifanya kazi za ndani upande wa pili wa mji, na Ijumaa moja kwa mwezi ndiyo ilikuwa yake. Kutoka kituo cha basi alikuwa ametembea kama nusu saa. Akanywa glasi tatu mfululizo bila kusema neno. Tukala, tukaongea habari za nyumbani, nani kaoa, mahindi yanauzwaje. Jioni alipoinuka, akatoa chupa mbili tupu kwenye mkoba.

"Kaka, samahani. Naweza kujaza za njiani?"

"Jaza tu, dada," nikamwambia. Kisha nikaongeza, kwa utani: "Ila usituhamishe. Hiyo ndiyo chupa ya mwisho, na wiki hii zamu ya kununua ni yangu!"

Tukacheka sote, na yeye akacheka. Alipokwisha kwenda, nikainua glasi yake nikaioshe. Chini yake palikuwa na noti tatu za baisa mia, zimekunjwa vizuri.

Makala hii ni kuhusu noti hizo tatu. Nimekaa nazo muda mrefu, na swali lililoniganda ni jepesi kulitamka: nilikosea nini? Nilisema kweli. Maji yalikuwa yakinunuliwa, na zamu ilikuwa yangu kweli. Kwa nini basi ninaona aibu hadi leo?

Nieleze kwanza nyumba yetu ilivyokuwa. Nilikwenda Oman kwa mkataba wa miaka miwili, kazi ya kuandika na kutafsiri. Tulipanga vyumba watu watatu: mimi wa Sumbawanga, Mzanzibari mmoja na kijana wa Mombasa. Maji ya bomba yalikuwepo. Ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, maana nchi ile karibu haina mito ya kudumu, na mtambo mkubwa wa kwanza wa kazi hiyo pale Muscat, wa Ghubrah, ulianza mwaka 1976. Lakini yakitoka kwenye mtambo yanapanda kwenye matangi juu ya mapaa, na wakati wa kiangazi ukifungua bomba la baridi yanatoka ya moto. Kwa hiyo tulifanya kama majirani wote. Tulinunua chupa kubwa za lita 19, zinazoletwa mlangoni kwa kuponi na kusimikwa juu ya mashine ya kupooza.

Chupa moja tuliipata kwa baisa mia sita. Watu watatu kwenye joto lile tulimaliza chupa kama ishirini kwa mwezi, yaani kila mtu rial nne hivi. Si pesa ya kumuua mtu. Ila anayeishi ugenini ana ugonjwa mmoja: kila anachonunua anakigeuza kuwa shilingi. Rial nne zikawa zaidi ya shilingi elfu ishirini, na elfu ishirini zikawa sare ya shule ya mtoto wa dada yangu. Nikawa nakunywa sare. Tukabandika karatasi kwenye friji, majina matatu, na alama kila mtu anaponunua chupa. Haki bin haki.

Hiyo karatasi ndiyo iliyoongea kupitia mdomo wangu Ijumaa ile. Na dada wa watu akaisikia. Akapiga hesabu ya alichokunywa na alichobeba, akakadiria nusu chupa, akalipa.

Usiku ule nilimpigia mama simu Sumbawanga. Nilimsimulia nikitaka anifariji, nami mwenyewe nikawa nimeshaandaa hitimisho. "Huku watu tumeharibika, mama," nikasema. "Kila kitu pesa. Kwetu mpita njia akiomba maji anapewa, hata hajaulizwa jina. Maji kwetu yalikuwa ya bure."

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: "Yalikuwa ya bure kwako."

Sentensi hiyo ilinirudisha nyumbani bila nauli. Uwanda wa Ufipa uko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi inayouma vidole. Mvua tunapata za kutosha, kuanzia Novemba hadi Aprili. Upande huu tuna Ziwa Rukwa, upande ule Ziwa Tanganyika, na kusini kwetu, mpakani na Zambia, maporomoko ya Kalambo yanaanguka zaidi ya mita mia mbili. Ukitazama ramani utasema hawa watu wanaogelea. Lakini ramani haibebi ndoo. Nilipokuwa mdogo, maji ya nyumba yetu yalikuwa bondeni, na nyumba ilikuwa mlimani. Mama na dada zangu walishuka kabla hakujapambazuka na kupanda na ndoo za lita 20 kichwani. Kisha kuni. Kisha kuyachemsha, na kuvumilia sisi watoto wa kiume tukilalamika kwamba yananuka moshi.

Mgeni alipofika, baba aliita kutoka kwenye kiti chake: "Leteni maji!" Sauti yake ilikuwa na fahari. Mgeni alikunywa akamshukuru baba. Baba alikuwa mkarimu kweli, sitaki kumsingizia marehemu. Lakini alikuwa akigawa kitu ambacho hakukibeba. Ndoo ikikauka kabla ya jioni, aliyerudi bondeni hakuwa yeye, wala mimi.

Kwa hiyo, msomaji, hitimisho langu la kwanza lilianguka. Nilitaka kusema kwamba nyumbani tuna utu na ugenini wana bei. Ukweli ni kwamba bei ilikuwepo pande zote mbili. Muscat iliandikwa kwenye karatasi ya friji. Kwetu iliandikwa kwenye shingo za wanawake, ndiyo maana sikuwahi kuisoma.

Nikajaribu njia ya pili, ile ya wanasiasa na wachumi. Pengine suala ni la kanuni tu: ama maji ni haki, yasiuzwe, ama maji ni bidhaa, kila mtu alipie anachokunywa.

Nchi yetu imejaribu pande zote mbili. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, ikiahidi kwamba kufikia 1991 kila mwananchi atapata maji safi karibu na kwake, ndani ya mita 400. Na maji yale yalikuwa ya bure. Lilikuwa wazo zuri, na mimi siwacheki waliolibuni. Lakini pampu inakunywa dizeli, vipuri vinachakaa, na kitu ambacho hakuna anayekilipia mara nyingi hakuna anayekitengeneza. Mwaka 1991 ulifika kabla maji hayajafika kwa wengi, na sera iliyotoka mwaka huohuo ikaanza kuzungumzia wananchi kuchangia. Ile ya 2002 ikakaza zaidi: vijijini watumiaji wabebe gharama za kuendesha miradi. Tarehe 28 Julai 2010, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura azimio la kutambua maji safi kuwa haki ya binadamu, nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 41 hazikufungamana na upande wowote. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 41. Nilipokutana na orodha hiyo mara ya kwanza nilikasirika. Siku hizi sina hasira ileile. Naona nchi iliyokwisha kuahidi maji ya bure mara moja na inayajua madeni ya ahadi ile.

Basi tuseme kila mtu alipe? Pale kioski cha maji, ndoo na sarafu, nakubaliana nayo. Inaweka mafuta kwenye pampu na mshahara mfukoni mwa fundi. Ila kanuni hii ina tundu, na dada wa Laela alipita katikati yake. Aliyekuwa na kiu kuliko sote siku ile ndiye aliyekuwa na mshahara mdogo kuliko sote. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, alishangaa kwamba maji, ambayo hakuna kitu chenye manufaa kuyazidi, karibu hayanunui chochote, na almasi, ambayo karibu haina kazi yoyote, mara nyingi inanunua vitu vingi sana. Bei inakuambia kitu ni adimu kiasi gani. Haikuambii nani anakihitaji kiasi gani.

Aliyenitoa kwenye mkwamo huo ni Mzanzibari wetu. Alinipeleka Nizwa, mji wa kale ndani ya Oman, kumtembelea mjomba wake. Huko nikaona falaj. Ni mifereji ya kale inayotoa maji chini ya milima na kuyaleta mjini kwa mteremko tu, bila pampu. Falaj Daris ya pale Nizwa ni mojawapo ya mitano iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yake yana wenyewe. Mashamba yanagawiwa maji kwa muda, kipimo chake kikiitwa athar, karibu nusu saa. Zamani walipima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu zinarithiwa, zinauzwa, zinakodishwa, na nyingine zinapigwa mnada ili zipatikane fedha za kuusafisha mfereji. Ni biashara kamili.

Lakini kuna utaratibu. Pale mfereji unapoibukia juu ya ardhi, kabla ya shamba lolote, kabla ya zamu ya mtu yeyote, kuna sehemu ya kuchota maji ya kunywa. Hapo hapana mwenyewe. Tajiri, mtumwa wa zamani zile, mpita njia, kila mtu anachota. Halafu maji yanakwenda msikitini na kwenye bafu za watu. Halafu ndipo hesabu inapoanza.

Yaani watu wa jangwani, wanaopata mvua ambayo Ufipa tungeiita ukame, hawakuchagua kati ya haki na bei. Walipanga nani atangulie.

Kurudi Muscat, nikaanza kuona nilichokuwa nikikipita kila siku. Mtaani kwetu, kwenye ukuta wa nyumba moja, kulikuwa na mashine ya maji baridi inayotazama nje, na kikombe cha chuma kimefungwa mnyororo. Mzanzibari alisema inaitwa sabili. Mwenye nyumba analipia umeme na maji, wapita njia wanakunywa. Vibarua wa ujenzi walijaza chupa zao hapo. Mimi pia nilijaza, mara nyingi, nikirudi kazini. Sikuwahi kuacha noti chini ya kikombe.

Najua utaniambia: mwenye nyumba ile alikuwa na uwezo, wewe ulikuwa mtu wa mkataba, na nyumbani kuna wanaokutegemea. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi kwamba karatasi ya friji ilikuwa dhambi. Sisi watatu tulikuwa wenye nyumba. Kati ya wenye nyumba, hesabu ni heshima, kwa sababu hesabu isipoandikwa haifutiki. Inahamia kwa yule asiyeweza kukataa. Kwetu Sumbawanga haikuandikwa, ikawaangukia mama na dada zangu. Laiti baba angebandika karatasi ukutani, majina yote, na langu likiwemo.

Kosa langu ni kwamba niliitoa karatasi hiyo mlangoni nikamsomea mwenye kiu. Nilimfanya mgeni awe mwanachama wa nne wa chupa. Gharama ya maji wanapaswa kuibishania wenye nyumba, na waibishanie kwa haki, ili atakayebisha hodi asiisikie. Naona mambo hayo mawili yanahitajiana. Ukarimu usio na hesabu ndani huwa unalipiwa na mtu aliyefichwa jikoni. Na hesabu isiyojua kunyamaza mgeni anapoingia, basi hiyo imekuwa duka.

Sikufanikiwa kumrudishia yule dada pesa yake. Ijumaa iliyofuata hakuja, baadaye namba yake ikawa haipatikani, na nikasikia amerudi nyumbani. Noti zenyewe bado ziko ndani ya daftari langu.

Mimi nami nimerudi. Nyumbani kwa mama sasa kuna bomba uani, lina mita, na bili ninailipa mimi kwa simu. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla ya mvua, bili inapanda, maana majirani wanakuja na ndoo. Mara ya kwanza nilitaka kuuliza ni akina nani. Nikajizuia.

Badala yake nilimuuliza dada yangu mkubwa kitu ambacho sikuwahi kumuuliza. Alikuwa akishuka bondeni mara ngapi? Akafikiri kidogo, akasema ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, kwa miaka kama tisa, mpaka alipoolewa.

"Ni ndoo ngapi hizo?" nikamuuliza.

Akacheka. "Zidisha mwenyewe," akaniambia. "Si wewe ndiye uliyewahi shule?"