Jina Tumpalo Jirani Yetu

Kila lugha ina adabu yake katika kuwapa watu majina, na Kiswahili chetu kadhalika. Mkulima, mgeni, mzazi, hata mwizi na mchawi, wote huvikwa umbo la mtu. Lakini tazameni jinsi tulivyozoea kuwaita wale ambao miili yao yaonekana kwetu kuwa na upungufu: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Majina yao yamewekwa katika umbo moja na kiti na kikapu. Hatusemi kwamba wazee wetu walikusudia dharau; kijana na kiongozi nao wamo katika umbo lilo hilo, na hatujapata kusikia kiongozi akilalamika. Hata hivyo si bure kwamba katika miaka yetu watu wengi wameliacha neno kilema, wakasema mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu. Wameona kwamba neno hutangulia, na moyo hulifuata.

Kisha liko neno zeruzeru. Hilo halikuwa jina la rangi ya ngozi tu. Lilibeba hadithi, kwamba aitwaye hivyo hafi kama watu wengine bali hutoweka, na kwamba hayumo kabisa katika idadi ya wanadamu. Wengi wetu tuliisikia utotoni, tukaicheka, tukaenda kucheza. Lakini tangu miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, watu wenye ualbino wakaanza kuwindwa. Waliuawa usiku nyumbani mwao, watoto wakakatwa mikono wangali hai, na viungo vyao vikapelekwa kwa waganga walioahidi utajiri kwa wachimba madini na wavuvi. Mwuaji alikuwa amekwisha kufundishwa tangu utoto kwamba yule si mtu.

Basi twauliza swali ambalo kila mhariri yampasa alijibu mbele ya Mungu kabla ya kulijibu mbele ya wasomaji: mwandishi wa habari, ambaye kazi yake ni kusema kweli, je, anayo haki ya kusema kila lililo kweli juu ya mtu, na kwa jina lolote limjialo kalamuni?

Wako wanaodhani kwamba Amri ya Nane yakataza uongo tu. Sivyo Kanisa lifundishavyo. Latukataza masingizio, yaani kumzulia mwenzetu ovu asilolitenda. Lakini latukataza pia masengenyo, yaani kulifichua kosa la mwenzetu lililo kweli, pasipo sababu ya haki, kwa watu wasiolijua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya habari iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali kwamba jamii ina haki ya kupashwa habari, ukadai habari hiyo iwe ya kweli na kamili, lakini ndani ya mipaka ya haki na mapendo. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kumharibia mtu sifa yake ni kosa zito kuliko kumwibia mali, ijapokuwa si zito kama kumwua. Katika habari hii ya ualbino, jina baya na panga vimekaribiana mno hata ni vigumu kupima kimoja peke yake.

Chukueni mfano wa bei. Mwaka 2009 ripoti ya Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu ilitaja kiasi cha fedha kilichosemekana kulipwa kwa viungo vya mtu mmoja. Waliokiandika walitaka ulimwengu ushtuke, na ulishtuka. Lakini tangu hapo hesabu hiyo imerudiwa katika magazeti, redio na simu za mikononi mwaka hata mwaka, mara nyingi katika kichwa cha habari. Tumfikirie kijana asiye na kazi, aliyekaa kibandani akisikiliza redio. Yeye hakujua kwamba liko soko la namna hiyo; sasa ajua, na bei ameambiwa. Mwandishi aliyetaka kulaani soko amekuwa mpiga mbiu wake. Kiasi hicho hatutakiandika hapa, wala hatuoni kwamba msomaji wetu amepungukiwa neno lolote.

Mtu aweza kutujibu kwamba kunyamaza nako huua, na jibu hilo twalikubali. Mwaka 2008 Vicky Ntetema, Mtanzania aliyekuwa mwandishi wa BBC, alikwenda kwa waganga akijifanya mteja, akasikia kwa masikio yake mwenyewe waliyomwahidi, akayatangaza. Akatishiwa maisha hata ikambidi ajifiche. Pasipo yeye na wenzake, mauaji yale yangalibaki mambo ya vijijini yasiyo na mwenyewe. Hatutaki waandishi waoga. Lakini kusema kwamba wako wanunuzi, na kwamba sheria iwatafute, ni jambo moja. Kutangaza bei ni jambo jingine, na hilo la pili lina mahali pake mbele ya polisi na mahakama.

Liko pia jambo la kabila. Waandishi wa mbali, na wa hapa petu pia, waliandika juu ya mauaji hayo kana kwamba ni mila ya Wasukuma. Wasukuma ni mamilioni. Wauaji walikuwa wachache mno katika umati huo, na mama wa Kisukuma aliyekesha macho mlangoni, mwanawe mwenye ualbino akilala nyuma yake, naye ni Msukuma. Kumwandika mwuaji kwa kabila lake ni kumweka mama huyu upande mmoja naye. Mwandishi aijuaye nchi angaliuliza mambo yenye maana zaidi: nani alimtuma mwuaji, nani alingoja malipo, na kwa nini katika kesi nyingine ndugu wa damu ndio waliofungua mlango. Mambo hayo hayana kabila.

Hapa twafika penye ugumu, na hatutaki kupapita kando. Mwaka 2024, mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili na nusu hivi, alinyakuliwa kwao akauawa. Miongoni mwa walioshtakiwa mwaka huo alikuwamo baba yake mzazi, na alikuwamo padre. Baadhi ya waamini waliumizwa kuona neno padre katika vichwa vya habari. Walisema: ikiwa gazeti halipaswi kuandika kabila la mshtakiwa, mbona laandika upadre wake? Je, Kanisa halistahili adabu ile ile?

Twawajibu kwa upole lakini waziwazi kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Kabila mtu huzaliwa nalo. Hakulichagua, wala hakuna aliyemwaminia kitu kwa sababu yake. Upadre ni amana iliyokabidhiwa hadharani. Watu humfungulia padre milango na dhamiri zao kwa ajili ya daraja yake takatifu, kama wamfunguliavyo daktari miili yao. Basi padre akishtakiwa kwa jambo kubwa namna hiyo, daraja hiyo ni sehemu ya habari yenyewe. Kuificha ni kuitumia kanuni ya mapendo kama pazia la kujisitiri wenyewe. Lililo haki yake ni lile lililo haki ya kila mshtakiwa: kuitwa mshtakiwa, asiitwe mwuaji, hata mahakama itakapoamua. Na haki hiyo tumpayo padre yatupasa kumpa mganga na mkulima pia, jambo ambalo magazeti, na hata yale yamchayo Mungu, hayalikumbuki daima.

Tena, katika maneno hayo yote juu ya nani aandikwe vipi, yuko mmoja ambaye ni nadra kuulizwa. Someni sura ya 9 ya Injili ya Mtakatifu Yohane. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanamfanya swali la dini: nani alitenda dhambi? Majirani wanabishana kama ndiye au siye. Mafarisayo wanawaita wazazi wake, na wazazi, kwa hofu, wanawaambia kwamba mwana wao ni mtu mzima, waende wakamwulize mwenyewe. Anapoulizwa, yeye peke yake ndiye asemaye maneno ya maana katika kikao kile, hata wanamtoa nje.

Mwandishi akiwauliza watu wenye ualbino wenyewe, atasikia habari asizozitazamia. Watamwambia juu ya panga, ndiyo. Lakini watamwambia pia juu ya jua, kwa maana saratani ya ngozi inawaua wengi pasipo kichwa cha habari, na kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yatengenezwayo Moshi, huokoa uhai. Watasema juu ya mtoto asiyeona ubao darasani, anayeitwa mjinga, na kumbe ahitaji kukalishwa mbele tu. Watasema juu ya mama aliyefukuzwa na mume kwa kudhaniwa mzinzi, hali ualbino hurithiwa kwa baba na mama pamoja: wote wawili wanaweza kuwa weusi kama sisi, wakauchukua damuni pasipo kujua, na kila mimba yao ikawa na nafasi moja katika nne ya kumzaa mtoto wa namna hiyo. Ni ndoa ngapi zingalipona kama magazeti yangaliliandika jambo hilo mara nyingi kama yalivyoiandika bei!

Hata jina, waulizwe wao. Wenzetu wasiosikia wamejiita viziwi, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania. Nasi twawafuata, wala hatuwasahihishi kwa sababu ya ngeli. Wenye ualbino wengi wamependa waitwe watu wenye ualbino. Ni maneno matatu mahali pa moja, na mpiga chapa hunung'unika kwa nafasi ya safu. Anung'unike.

Waandishi wetu wa maparokiani wamekwisha kuombwa wasitaje kijiji wala shule ya mtoto mwenye ualbino, wala wasipeleke picha ya uso wake, hata kama habari ni njema na wazazi wamefurahi, maana asomaye gazeti si rafiki peke yake. Nazo barua za watu wenye ualbino, na za wazazi wao, zitachapwa katika ukurasa huu huu, kwa majina watakayoyachagua wenyewe.