Mkiingia serikalini, msiisahau amana ya waliowatuma

Sifa zote njema ni za Allah (SW). Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, wapo hapa Songea wanaouliza: mambo ya Zanzibar yatuhusu nini sisi wa Ruvuma? Yanatuhusu, kwa sababu kura ni amana, na amana haina bara wala visiwani.

Tukumbuke. Januari 2001 damu ilimwagika Pemba. Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. CUF ikaingia serikalini, Maalim Seif Sharif Hamad akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uhasama ulipungua, watu wakazikana na kuozana tena. Hiyo ni neema, tusiikufuru.

Lakini Oktoba 28, 2015 uchaguzi ulifutwa, na ushirika wa miaka mitano haukuweza kuzuia. Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine wa machungu, ACT-Wazalendo nayo ikaingia. Mpiga kura aliyefiwa au kujeruhiwa akauliza: tumeumia ili wakubwa wapate magari?

Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kikatiba Makamu wa Kwanza ni mshauri wa Rais. Ushauri husikilizwa au huachwa. Basi anayeahidi makubwa kwa kiti cha ushauri anawadanganya watu, na kuvunja ahadi na kuhini amana Mtume (SAW) amevitaja katika alama za mnafiki.

Je, kufanya suluhu na mpinzani ni usaliti? Hapana. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiya, Mtume (SAW) alikubali masharti mazito: kurudi Madina bila Umra, na Abu Jandal kurudishwa kwa Makureshi akiwa na minyororo. Masahaba walihuzunika. Sayyidna Umar (RA) alihoji waziwazi, naye hakufukuzwa wala kuitwa msaliti, alijibiwa. Watu walipozubaa kuchinja, Mtume (SAW) alisikiliza ushauri wa mkewe, Ummu Salama (RA). Miaka miwili baadaye Makka ikafunguliwa.

Tazameni tofauti. Suluhu ile ilikuwa na masharti yanayojulikana, na aliyeifanya hakujipatia cheo wala posho. Alibeba uchungu pamoja na watu wake.

Kwa hiyo chama kidogo kinachoingia serikalini kiwaeleze wapiga kura mambo matatu: tumekubaliana nini, kimetekelezwa kipi, na kisipotekelezwa tutatoka lini. Suratun-Nisaa aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mwenyewe wa kura ni yule mama aliyepanga foleni tangu alfajiri.

Nawe mpiga kura, usisuse. Hoji kama Umar, kwa adabu na bila woga. Anayenyamaza naye ana sehemu yake katika dhulma.

Allah (SW) atupe viongozi waaminifu, na atupe sisi ujasiri wa kuwauliza. Amin.