Majani ya Baba na Manjanja ya Mutoto

Katika vijiji vingi vya Ituri, kutoka Mambasa mpaka upande wa Epulu, swali moja linarudia katika familia: tuondoshe majani ya zamani juu ya nyumba ya baba, tutie manjanja? Wengine wanasema ni kutupa desturi. Mimi naona wanauliza vibaya. Majani ya mangongo hayakuwekwa yakae siku zote. Kiisha miaka michache yanaoza, mvua inaingia, na inapashwa kuyabadili. Kubadili majani ndiyo desturi yenyewe.

Tuangalie kwanza ile kazi. Wamama wanaingia pori, wanakata mangongo pamoja na vijiti vyake virefu, wanafunga mizigo, wanabeba kwa mugongo. Mara nyingine ni Bambuti wanaoleta mizigo hiyo, nao wanapewa mihogo ao ndizi. Ku nyumba, fito ziko zimekwisha kufungwa kwa kamba za pori. Mwenye kufunika anapasua kijiti cha jani, anakitundika ku fito kama ndoano. Anaanza chini, anapanda juu, kila mustari unalalia ule wa chini yake, kama magamba ya samaki. Ukianza juu, mvua itakulaza inje. (Hata Ulaya, wanaofunika nyumba kwa vibao vidogo vya miti wanapanga vile vile, kuanzia chini.) Kiisha, moshi wa jiko unakausha majani kwa ndani na kufukuza wadudu. Ndiyo maana nyumba isiyowashwa moto inaoza mbio.

Tusidanganyane lakini: manjanja ni mazuri. Cheche ya moto haiyawashi, maji ya mvua yanakingwa katika pipa, na mama haendi tena pori na mutoto juu ya mugongo. Kweli, saa sita joto linawaka ndani, na mvua kubwa ikinyesha hamusikilizani. Hata hivi, wengi wanaolilia majani wanakaa Bunia, chini ya manjanja.

Hatari iko pengine. Paa ya majani haikuwa na mwenyewe mumoja. Huyu alileta fito, yule kamba, mujomba mizigo miwili, shangazi alipika. Kila wakati familia ilipashwa kukutana tena, hata wale waliokosana, sababu mvua haingojaki. Manjanja yanakuja na fakture moja, yenye jina moja. Mutoto mwenye kazi mujini analeta manjanja na misumari, analipa fundi. Mwaka unapita, anaanza kusema "nyumba yangu". Kwa namna gani? Kuta ni za baba, na mama angali anapika mule. Lakini paa inaonekana toka mbali, kuta hazionekani.

Na yule ndugu aliyebaki kijijini? Alibadili majani mara ine, mara tano. Kazi yake imeoza, hakuna anayeweza kuionyesha kwa kidole. Basi kazi iliyooza haikuwa kazi? Bila majani yale, mvua ingebomoa kuta za udongo, na manjanja yasingepata pa kulala.

Sheria ya familia ya 1987, iliyogeuzwa sehemu mwaka 2016, inatia watoto, wanaume na wanawake, katika kundi la kwanza la wariti, na inamwachia mujane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake. Hapo haiulizi nani alinunua manjanja. Lakini maneno mengi ya kijiji hayafikaki ku tribinali. Yanaisha barazani, ao hayaishi kabisa.

Kwa hiyo ningependa familia ikae mbele jani la kwanza halijashushwa, na mutoto aseme mbele ya wazee: natoa, ao nakopesha. Yote mawili ni ya heshima. Isiyo ya heshima ni kutoa kama zawadi wakati mama yuko muzima, na kudai kama mwenyewe siku ya kilio. Na hata kama feza yake inatosha kulipa yote, aache wengine walete fito na chakula. Asinunue kila kitu.

Familia zingine zimetia manjanja ku nyumba kubwa na kuacha jiko la nyuma na mangongo. Likianza kuvuja, wanaitana. Tena wamama wanasema mule moshi unapata njia ya kutoka.