Uzuri na Bei Yake

Mara nyingi tunasikia watu wakisema kwamba uzuri haupatikani bure. Neno hilo lina ukweli. Mwenye kutaka shamba zuri hutoa jasho, na mwimbaji wa kwaya hujifunza siku nyingi kabla ya sikukuu. Lakini je, bei ya uzuri haina mpaka? Na ni nani mwenye haki ya kuidai? Ili tulione vizuri swali hilo, twende safari kwa mawazo, bila meli wala ndege, mpaka mji wa Paris katika nchi ya Ufaransa, karibu miaka 200 iliyopita.

Tunafika jioni ya tarehe 12 Machi 1832. Tunaingia katika nyumba kubwa ya maonyesho, kwenye barabara iitwayo Le Peletier. Taa za gesi zinawaka jukwaani. Zilianza kutumika humo mwaka 1822, na mwanga wao unafanana na mbalamwezi. Watu wamejaa, wanangoja baleti mpya iitwayo La Sylphide. Baleti ni hadithi inayosimuliwa kwa muziki na kwa miguu ya wachezaji. Hakuna anayesema neno.

Pazia linafunguka. Kijana mmoja wa Scotland, jina lake James, amelala kitini siku ya arusi yake. Miguuni pake amepiga magoti roho wa hewa, mwenye mabawa madogo mgongoni na nguo nyeupe, nyepesi kama chandarua. Mchezaji huyo ni Marie Taglioni. Anainuka juu ya ncha za vidole vya miguu, na tunadhani hana uzito. James anamwacha mchumba wake na kumfuata msituni. Anataka kumshika asiruke tena. Mwanamke mchawi anampa shela, naye anamfunga nayo yule roho. Mara mabawa yanaanguka, na roho anakufa. Alichotaka kukishika, amekiua kwa mikono yake.

Kwa nini watu wa Paris walipenda sana hadithi kama hizo? Walikuwa wametoka katika vita virefu vya Napoleon, vilivyokwisha mwaka 1815. Viwanda vilikuwa vinaongezeka na moshi wao. Kabla ya mwezi ule wa Machi kwisha, kipindupindu kiliingia mjini, na mwaka uleule kiliua watu zaidi ya 18,000. Wakati huo, ambao wataalamu huuita wakati wa Romantiki, watu wengi walitamani kuona jambo lisilo la matope na kaburi. Tusiwacheke. Moyo wa mtu una njaa ya mbingu, hata asipolijua jina la kile anachokitafuta.

Wala tusiseme kwamba kucheza ni dhambi. Mfalme Daudi alicheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano. Sisi wenyewe katika Kongo tunacheza mbele ya altare, kadiri ya misale yetu iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Ni kweli kwamba binti wa Herodia naye alicheza, na kichwa cha Yoane Mbatizaji kikaletwa katika sinia. Lakini ubaya wa usiku ule haukuwa katika miguu ya msichana. Ulikuwa katika moyo wa mama aliyemtuma, na katika macho ya mfalme aliyeahidi bila kufikiri. Tulishike neno hilo, maana tutalihitaji.

Sasa tuondoke vitini, twende nyuma ya pazia. Huko yule asiye na uzito anahema na kutoka jasho. Marie Taglioni alipokuwa kijana, baba yake alimfundisha kwa ukali mkubwa, karibu saa sita kila siku. Taabu hiyo hatuilaumu. Ni kama taabu ya fundi yeyote anayependa kazi yake. Lakini tunaona na mambo mengine. Wasichana wadogo wa jamaa maskini, ambao watu wa Paris waliwaita panya wadogo, wanacheza kwa mshahara mdogo sana. Matajiri waliolipia viti vya mwaka mzima wanaruhusiwa kuingia katika chumba chao. Si wote wanaokwenda humo kwa kupenda muziki. Na mara nyingine mama wa msichana anajua, naye ananyamaza, kwa sababu nyumbani chakula hakitoshi.

Turuke miaka 26. Mwaka 1858 msichana aitwaye Emma Livry, mwenye miaka 16 hivi, alicheza La Sylphide palepale. Marie Taglioni, aliyekwisha kuzeeka, alimpenda kama binti yake, akamtungia baleti mpya iitwayo Le Papillon, yaani Kipepeo, iliyoonyeshwa mwaka 1860. Katika hadithi hiyo kipepeo anavutwa na mwanga wa moto, na mabawa yake yanaungua.

Siku zile hatari ya moto ilijulikana. Mwaka 1844, huko London, mchezaji Clara Webster aliungua jukwaani, akafa. Kwa hiyo serikali ya Ufaransa ilitoa amri mwaka 1859 kwamba nguo za jukwaani zitiwe katika maji ya dawa ili zisishike moto upesi. Dawa ilifaa, lakini iliharibu weupe wa nguo na kuzifanya ngumu. Emma alikataa. Aliandika barua kwamba atavaa nguo zake za kawaida, na kwamba likitokea jambo lolote, ni juu yake mwenyewe. Wakuu wa nyumba ile wakamwacha.

Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi, alikunjua nguo zake ili akae vizuri, zikagusa taa ya gesi. Alikimbia jukwaani huku anawaka. Aliteseka miezi minane, akafa tarehe 26 Julai 1863, hajafikisha miaka 21. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa Paris hata leo. Yanaenea katika kisanduku kidogo.

Basi, kosa ni la nani? Wengine watajibu: Ni lake, alionywa akakataa. Jibu hilo ni jepesi mno. Tujiulize kwanza ni nani aliyemfundisha tangu utoto kwamba thamani yake yote iko katika weupe wa nguo. Wakuu waliokuwa na amri mkononi waliipokea barua yake kana kwamba karatasi inaweza kuwaondolea wajibu wao. Na watu waliokaa vitini walitaka roho asiye na mwili, wakasahau kwamba mbele yao yuko binti wa mtu, mwenye ngozi na mifupa. Yeye alichagua, ndiyo. Lakini alichagua mbele ya macho elfu yaliyokwisha kumchagulia.

Mwingine atauliza: Je, Kanisa halisifu watu wanaotoa miili yao? Mwenye heri Anuarite hakukubali kufa, huko Isiro, mwaka 1964? Ndiyo, alikubali. Lakini tupime tofauti. Anuarite alikataa kwamba mwili wake ni kitu cha kuwapendeza wengine. Alikufa akiulinda kama mali ya Mungu. Mama anayejihatarisha kwa ajili ya mtoto anatoa uhai kwa ajili ya uhai. Huko Paris uhai ulitolewa kwa ajili ya rangi ya kitambaa. Sadaka hutolewa kwa Mungu na kwa jirani. Kinachotolewa kwa macho ya watu hakishibishi, kwa maana kesho macho yatataka kingine.

Tusidhani kwamba moto huo umezimika. Wako dada zetu wanaojipaka dawa kali za kuondoa weusi wa ngozi, nao wanajua kwamba zinawadhuru. Tunawakaripia wao peke yao. Lakini ni nani huwasifu wakiwa weupe? Ni kijana gani husema, mbele ya dada zake, kwamba atamwoa mweupe tu? Sifa zetu ndizo zile taa za gesi.

Uzuri ni zawadi ya Mungu, na kazi ya kuutafuta ni njema. Mpaka wake ni huu: mtu mwenyewe ni mzuri kuliko kila kitu kizuri anachoweza kutuonyesha, kwa sababu yeye ni sura ya Muumba. Tunaporudi kutoka safari hii, tujifunze kutazama. Tukimwona msichana anacheza vizuri kwenye arusi, tumpigie makofi, na tukumbuke kuuliza kama amekula, na kama amepata njia salama ya kurudi nyumbani.