Kadi Moja, Bei Mbili

Wateja wangu wengi ni wachora ramani na mainjinia vijana, na swali lao ni lilelile: "Fundi, kadi ya picha ya kompyuta nichukue ya gemu au ya kazi?" Wao wanauliza habari ya pesa. Mimi naona ni swali la dini.

Mwaka 2020 NVIDIA walitoa RTX 3090, kadi ya gemu, kwa dola 1,499. Mwaka huohuo wakatoa RTX A6000, ya kazi, kwa dola 4,649. Chipu ni ileile, GA102. Ya kazi ina kumbukumbu ya GB 48 badala ya 24, inakula wati 300 badala ya 350, na kumbukumbu yake hugundua makosa ikayasahihisha. Hizo ni tofauti za kweli, na anayepiga hesabu za nguzo za ghorofa ana haki ya kuzilipia. Kwa bei sina ugomvi. Katika Uislamu biashara ni maridhiano, muuzaji hakulazimishwa kuuza kwa gharama zake.

Na ghishi naijua nikiiona. Kadi iliyokeshwa miezi ikichimba sarafu za mtandaoni, ikapigwa brashi, ikarudishwa kwenye boksi na kuitwa mpya: hapo aibu ya bidhaa imefichwa na mnunuzi kadhulumiwa. Hatuna haja ya kumsumbua sheikh.

Ugumu uko kwingine. Julai 2017, AMD, washindani wa NVIDIA, wakiwa wametoka tu kuleta kadi ya Vega Frontier Edition, NVIDIA walitoa draiva mpya ya kadi yao ya Titan Xp na kutangaza wenyewe kwamba katika programu kama Maya kadi hiyo sasa ingefika hadi mara tatu ya kasi yake. Hakuna skrubu iliyofunguliwa. Aliyeinunua kabla ya hapo uwezo huo alikuwa nao mezani, hana habari. Basi alikuwa amenunua nini?

Nilimpelekea maalim wangu barazani, baada ya Alasiri.

"Maalim, mtu akikuuzia nyumba, vyumba viwili kavifunga, ufunguo kabaki nao?"

"Ulivihesabu vilivyo wazi?"

"Vitatu."

"Na bei ya vitatu uliridhia?"

"Niliridhia."

"Basi mwanangu, ulicholipia umekipata. Ungeahidiwa vitano ndiyo ungekuja na kesi."

Jibu zuri, ila halifiki mwisho. Mwishoni mwa 2017 kampuni hiyohiyo ya NVIDIA ilibadilisha leseni ya draiva za GeForce, yaani kadi zake za gemu, ikakataza zisitumike kwenye vituo vya data, isipokuwa kwa kazi za blockchain. Huku si kufunga chumba kabla ya kuuza. Muuzaji amekufuata mpaka kwako kukwambia usilaze wageni. Wanazuoni wa Kishafii, tunaowafuata wengi pwani hii, hawakubali sharti linalopinga lengo lenyewe la mauziano, na lengo la kununua ni kumiliki na kutumia. Mtetezi atasema draiva haikuuzwa, umepewa leseni tu, kadi ni yako. Sawa. Lakini kadi bila draiva itakufaa nini, kuzuia karatasi zisipeperuke? Ukitenganisha mikataba miwili ambayo mmoja haufai kitu bila mwenzake, kwangu mimi umefanya hila, hata kama mahakama itakupa haki.

Mimi mwenye duka siwezi kuibadilisha leseni ya Marekani. Ninachoweza ni kutoongeza ukimya wangu juu yake. Kwa hiyo nauliza kwanza: unatumia programu gani? Revit sehemu kubwa inategemea prosesa. Lumion na Blender zinakwenda vizuri kwa kadi ya gemu. Wa SolidWorks namwambia wazi kwamba kadi zinazoidhinishwa ni za kazi, na ya gemu ikimletea matatizo asitegemee msaada wa wenye programu.

Juzi kijana wa Revit na Lumion alikuja kashikilia kadi ya kazi, kasikia kwa bosi wake. Faida yangu kwenye hiyo ni nono, sifichi. Aliondoka na ya gemu, RAM ya kuongezea, na UPS, maana ofisi yao umeme unakatika kila mvua ikinyesha.