Nyumba ya Mama: Jina na Mali

Je, ni haki mama awe shina la jina lakini asiwe shina la mali? Kwa Watsimshian wa pwani ya magharibi ya Kanada, nyumba ni jamaa ya kuukeni: majina, nembo na maeneo ya uvuvi hurithiwa pamoja. Wakikuyu nao huziita koo zao kwa majina ya mabinti wa Mumbi, ilhali ardhi kijadi ilirithiwa na wana wa kiume. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hugawa mirathi ya mume wa wake wengi kwa nyumba, yaani mke na watoto wake. Hata hivyo, sheria hugawa kilichopo. Katika Mukuru kwa Njenga, ambako makazi yalibomolewa mwaka 2021 kupisha barabara, wengi hawana hati. Kumtukuza mama kwa jina pasipo ardhi ni kumdhulumu.